Shangazi, jogoo abaki bandani: sisi tutaandika barua pepe

Leo nina jambo ambalo wengine mtaliona dogo, lakini mwezi jana lilinikosesha usingizi, na nikiangalia vijana wenzangu ninaokutana nao hapa Singida mjini naona ni letu sote tuliowahi kuomba kazi na kuishia kuangalia simu kama mtu anayesubiri mvua.

Jumamosi moja nilikwenda Ikungi kumsalimia shangazi. Kwa wasiopafahamu, Ikungi ni pale barabara kuu inapopita, ukitoka Singida kuelekea Manyoni na Dodoma, kilomita thelathini na kitu hivi. Kufika nyumbani nikakuta jogoo mwekundu, mnene, amefungwa miguu kwa kamba ya katani chini ya mti. Mnajua sifa ya kuku wa Singida, sina haja ya kuwatangazia. Nikajua leo ugeni wangu umepokelewa vizuri, nikaanza kumshukuru shangazi hata kabla sijaletewa kigoda. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Huyo si wako, baba. Huyo ni wa bosi wa mwenzio."

Mwenzio ni binti yake, binamu yangu. Alimaliza shahada ya uhasibu mwaka 2022, na tangu hapo amejitolea sehemu mbili, ameuza vitunguu, na mwaka jana alikuwa akiandika hesabu za mwenye mashine ya kukamua alizeti aliyekuwa akimlipa akijisikia. Wiki tano kabla ya siku hiyo aliomba kazi kwenye shirika moja lenye ofisi hapa mjini. Wiki tano kimya. Shangazi akaulizia, akaambiwa na mtu anayesali naye kwamba bosi wa shirika hilo anamfahamu na nyumbani kwake anapajua. Basi jogoo akakamatwa, safari ikapangwa Jumapili baada ya ibada.

"Lazima mfuatilie," akaniambia. "Kazi haimfuati mtu nyumbani."

Sasa jamani, kabla hamjamcheka shangazi yangu, hebu tulitazame hilo neno kufuatilia. Sidhani kama kuna neno Mtanzania analoishi nalo kuliko hilo. Namba ya NIDA unafuatilia. Hati ya kiwanja unafuatilia. Mafao ya mjomba aliyestaafu unafuatilia mpaka yeye mwenyewe anasahau alikuwa anadai kiasi gani. Kufuatilia maana yake ni kupanda gari, kukaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango wenye kibao, kumwamkia katibu muhtasi kwa unyenyekevu, kuambiwa mhusika ametoka, njoo kesho. Na kesho unarudi. Tumefundishwa na maisha kwamba faili ambalo mwenyewe haonekani mlangoni linabaki chini ya rundo, na la mwenye kuonekana hupanda lenyewe juu. Shangazi hakutunga hekima hiyo. Ni ya nchi nzima, yeye ameirithi tu.

Nikamgeukia binamu yangu aliyekuwa anachambua mboga kimya kimya. Nikamuuliza kama amewaandikia barua pepe kuulizia maombi yake yamefikia wapi.

"Hapana kaka. Tangazo lilisema watakaochaguliwa kwenye usaili tu ndio watajulishwa. Nikiandika si nitaonekana nasumbua?"

Nilinyamaza kidogo. Kumpelekea mtu jogoo nyumbani kwake siku ya Jumapili, akiwa kavaa kaptula, watoto wake wanachungulia dirishani, huko si kusumbua. Kumwandikia mistari minne ofisini, ambayo ataisoma akiwa na nafasi, huko ndiko kusumbua. Tumefikaje hapa?

Ngoja niwaeleze kwanza yaliyotokea, maoni yatakuja.

Nikamwuliza tena maombi aliyatuma kwa anwani gani. Akajibu bila wasiwasi: "Ya steshenari." Wale mlioko Dar mnaweza kushangaa, lakini huku hilo ni jambo la kawaida kabisa. Unakwenda steshenari na vyeti vyako, kijana anaviskani, anakuchapia barua, anakuuliza inakwenda wapi, kisha anaituma kwa barua pepe ya duka. Unalipa, unapewa nakala moja uweke kwenye bahasha, unaondoka ukiwa umeridhika kuwa umeomba kazi. Majibu yakija yanakuja dukani, yanakaa pamoja na barua za watu wengine mia wanaoomba vyuo, kazi na mikopo. Binamu yangu anayo Gmail yake tangu akiwa chuo. Simu haifunguki bila hiyo Gmail. Lakini siku ile alikuwa ameishiwa bando, kijana wa duka akamwambia usijali dada, natuma hapa hapa.

Namba ya simu kwenye CV? Ya laini aliyoipoteza mwaka jana. CV yenyewe aliichapa 2022 na hakuigusa tena zaidi ya kuongeza sehemu alizojitolea.

Jumatatu asubuhi tukaenda dukani pamoja. Kijana akafungua kisanduku cha barua, akashusha, akashusha, huku akihudumia watu wawili wanaotoa kopi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya karatasi, "Hii hapa dada. Ilikuja. Sikuwa na namba yako."

Ilikuwa imekuja siku kumi na mbili nyuma. Walimwita kwenye usaili, na usaili ulifanyika Alhamisi iliyopita. Yaani Jumamosi ile nilipokuta jogoo amefungwa miguu, kazi aliyokuwa anaendewa ilikuwa imeshapita kwa siku mbili.

Binamu yangu hakulia. Aliuliza kopi moja ya ile barua ni shilingi ngapi, akalipa, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Mpaka leo sijui aliitaka ya nini.

Ndiyo maana nasema suala hili si dogo. Kama wiki mbili baada ya mwisho wa kupokea maombi angeandika mistari minne kuuliza kama yamefika, akaiandika kwa anwani yake mwenyewe, wangemjibu pale pale alipo, au walau wangegundua kwamba mtu huyu ana anwani mbili. Hata kama angeirudia ile ya dukani, kijana angelazimika kufungua kisanduku mbele ya macho yake. Tunachukulia kuulizia ni namna ya kujipendekeza au kuomba huruma, kumbe kazi yake ya kwanza ni ya kitarishi tu: je, mzigo ulifika?

Wazee wetu walikuwa na shida nyingine. Miaka ya 1970 mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kazi na serikali. Swali lilikuwa unapelekwa wapi, hakukuwa na haja ya kujua kama unaitwa. Baadaye ajira ya kupangiwa ikafa, zikaja barua za posta. Mzee wangu alitumia sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini, na anasimulia mpaka leo jinsi barua ya kumwita kwenye usaili ilivyomfikia usaili ukiwa umeshapita. Nilikuwa nikisikiliza hadithi hiyo nacheka, nikijisifu kwamba sisi ni watoto wa intaneti. Kwi kwi kwi. Barua pepe ilifika Singida kwa sekunde moja, ikamaliza siku kumi na mbili kuvuka kaunta ya steshenari.

Turudi kwenye ule mstari wa tangazo: "watakaochaguliwa pekee ndio watakaojulishwa." Nimeusoma mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuimba. Mimi nauona kuwa ni mstari wenye kiburi. Unasema ukiona kimya, jua jibu ni hapana. Lakini kimya kina maana nyingi. Inawezekana umekataliwa. Inawezekana fedha za mradi hazijaingia na mchakato umesimama. Inawezekana afisa rasilimali watu yuko likizo. Inawezekana kiambatanisho chako kilikuwa kizito, kikagoma, au barua yako imelala kwenye kasha la barua taka. Na inawezekana, kama kwa binamu yangu, wewe ndiye unayeitwa na husikii. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hawakusema mshindo huo unamfikia nani.

Najua utetezi wa waajiri. Watu ni wengi, tutawajibu wangapi? Ni kweli ni wengi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70, waombaji zaidi ya 10,000 wakaitwa kwenye usaili na kujazwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Picha zile zilizunguka dunia. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, waombaji wakazidi 130,000. Hakuna binadamu wa kuandika barua kwa watu hao mmoja mmoja. Lakini kompyuta ile ile inayopokea maombi inaweza kutuma sentensi moja kwa wote: maombi yako yamefika. Na mchujo ukiisha, sentensi nyingine: safari hii hukuchaguliwa. Hazihitaji afisa, zinahitaji mtu mmoja aziandike mara moja. Mwenye benki anatutumia ujumbe kila anapotukata shilingi mia mbili. Mwenye kampuni ya simu anatuamsha alfajiri kututangazia bahati nasibu. Ila kumwambia kijana "hapana" ndiyo teknolojia haijafika!

Niseme ukweli kwamba upande wa serikali umepiga hatua ambayo wengi wetu hatutaki kuikubali. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imetokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2007. Huko nyuma uliandika kwa mkono barua kwa Katibu, ukaambatanisha nakala za vyeti, ukaipeleka posta na kuomba Mungu. Siku hizi unajisajili kwenye tovuti yao ya ajira kwa namba yako ya NIDA, unaomba humo, na unaingia mwenyewe kuangalia maombi yako yako katika hali gani. Orodha za wanaoitwa kwenye usaili na wanaopangiwa vituo hubandikwa wazi. Kwa hiyo kama uliomba kupitia huko, barua pepe ya kumbembeleza mtu haina kazi. Kufuatilia ni kuingia kwenye akaunti yako, basi. Kuna vijana wanakaa mwezi bila kuifungua akaunti huku wakizunguka mtaani kutafuta "mtu wa Utumishi". Huyo mtu, ndugu yangu, mara nyingi ni tapeli, na Sekretarieti yenyewe imeshaonya mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi.

Ninachokizungumzia mimi hasa ni huku kwingine: mashirika, kampuni, shule binafsi, hospitali za misheni, viwanda vya alizeti, vyombo vya habari. Huku hakuna akaunti ya kuangalia. Kuna anwani moja ya barua pepe mwishoni mwa tangazo na giza nene nyuma yake.

Na hapa ndipo jogoo anaporudi. Kwa sababu mlango wa kuulizia wazi ukifungwa, watu hawaachi kuulizia. Wanapita dirishani. Mama anatafuta anayesali na bosi. Baba anampigia aliyesoma naye. Kijana asiye na baba wala aliyesoma naye anapigiwa simu na namba asiyoijua: tumeona maombi yako, uko kwenye orodha, tuma elfu hamsini ya fomu. Na msichana anaambiwa, tena kwa upole, tuonane jioni tuongee vizuri. Hapa naomba tusiume maneno. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono kama kosa, katika kifungu cha 25, na namba ya TAKUKURU ya 113 ni bure. Lakini anayepigiwa simu saa mbili usiku ana ushahidi gani? Sauti imeshapotea.

Maandishi hayapotei. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mimi kuitetea barua pepe, kubwa kuliko adabu na kuliko kuonekana makini. Ukiuliza kwa maandishi umemlazimisha mwenzako naye ajibu kwa maandishi, na mtu mwenye nia mbaya hapendi kuandika. Akikupigia na kusema tuonane jioni, mwandikie: "Asante kwa simu yako ya leo. Naomba unithibitishie tarehe, saa na ofisi ya usaili kwa barua pepe." Mkweli atathibitisha. Yule mwingine atapotea kama umande. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu za kielektroniki zinapokelewa mahakamani kama ushahidi. Dada zangu, msizifute.

Shangazi nilimweleza hilo la jogoo kwa lugha nyingine. Nilimwambia, kama bosi ni mwaminifu utamweka pabaya, maana atalazimika kumkataa mgeni aliyekuja na kitoweo. Kama si mwaminifu, jogoo mmoja hatamtosha. Alifikiri kidogo, kisha akasema kumbe mnasoma kitu huko mjini.

Haya, wengi mtaniuliza: tuandikeje? Mimi si mtaalamu wa rasilimali watu, nawapa ninavyofanya. Kwanza subiri. Hesabu kuanzia tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, usihesabu tangu siku uliyotuma wewe. Wiki moja mpaka mbili baada ya tarehe hiyo ndipo uandike. Jibu barua ile ile uliyotumia maombi, ili wakiifungua waone na viambatanisho vyako pale chini, wasianze kukutafuta. Kichwa cha barua kiwe na jina la nafasi na jina lako kamili. Usikiache wazi, na usiandike "Habari" tu.

Binamu yangu tulimwandalia hivi, kwa kampuni nyingine aliyokuwa ameiomba:

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu, niliwatumia maombi ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi tarehe 3. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe 14. Naomba kufahamu kama maombi yangu yaliwafikia na kama mchujo umekamilika. Namba ya simu iliyo kwenye CV yangu imebadilika. Ninayotumia sasa ni hii hapa chini, na anwani hii ya barua pepe ndiyo yangu mwenyewe. Natanguliza shukrani."

Basi. Rasimu yake ya kwanza ilianza na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", ikaendelea kueleza kwamba yeye ni mtoto wa kwanza, wadogo zake wanamtegemea na mama yake anasumbuliwa na miguu. Yote ni kweli, miguu ya shangazi naifahamu. Lakini aya hiyo tuliitoa, ingawa aliipigania kweli kweli. Alisema wakijua shida zangu watanionea huruma. Nikamwambia kila anayeomba pale ana mama mwenye miguu.

Jambo la lugha nalo linanikera. Tangazo likija kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza, hakuna ujanja. Lakini matangazo ya Kiswahili yapo, hasa ya hapa mikoani, na bado watu wanajibu kwa Kiingereza cha kuungaunga ambacho hata wao hawakielewi vizuri, kisa wanaamini Kiswahili ni cha sokoni. Nimeona barua moja ambayo mwombaji alikusudia kusema anajiamini, akaandika kwamba yeye ni siri. Mtu huyo huyo kwa Kiswahili anaandika vizuri kuliko mimi ninayelipwa kwa kuandika!

Na anwani zenyewe, jamani. Ile uliyofungua ukiwa kidato cha pili, yenye "mtotomzuri" au "kingofbongo" na tarakimu saba, waachie rafiki zako. Jina lako na la baba yako vinatosha.

Halafu ukishaandika, nyamaza. Hapa naongea kama mtu aliyeungua. Miaka michache iliyopita niliomba kujifunza kazi kwenye chumba cha habari kimoja ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mwandishi wa habari asikate tamaa, basi nikawaandikia barua pepe tano ndani ya wiki moja, ya mwisho ikiwa na herufi kubwa tupu. Siku niliyofika pale kwa shughuli nyingine kabisa, mhariri alilitazama jina langu kwenye daftari la wageni akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeandika mara tano?" Nilikana. Ndiyo, nilikana jina langu mwenyewe, huku kitambulisho kinaning'inia shingoni. Tangu hapo sheria yangu ni mara mbili: ya kwanza wiki mbili baada ya tarehe ya mwisho, ya pili wiki mbili au tatu baadaye, kisha naendelea na mambo mengine. WhatsApp ya bosi siigusi hata nikiwa nayo, na nikimkuta sokoni namsalimia kuhusu nyanya.

Kwa taasisi za umma, wachache wanajua kwamba kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayomtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku thelathini. Na CV yako imejaa taarifa binafsi, ambazo zinalindwa na sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zinafanyiwa nini. Sishauri mtu aanze barua yake ya kuulizia kazi kwa kunukuu vifungu. Utaipata haki na kuikosa kazi. Ila waajiri wanaosoma hapa wajue kwamba kukusanya vyeti, namba za NIDA na picha za vijana elfu tatu, kisha kukaa kimya navyo, si jambo lenu la ndani tena.

Kuna rafiki yangu aliniambia haya ni mambo ya watu wenye bando, kijana wa Mkalama au Itigi ndani huko atafuatilia kwa simu gani? Nilimwambia nauli ya kwenda mjini na kurudi, tena mara tatu, inanunua bando la kutuma barua pepe nyingi mno. Na kama maombi yamekwenda Dar, karibu kilomita 700 kutoka hapa, hilo benchi la kukalia unalifikiaje? Steshenari nazo ziendelee tu, ndizo zinazotubeba. Ninachowaomba vijana wa steshenari ni daftari moja la shilingi elfu: jina la mteja, namba yake ya simu, ameomba nini, lini. Jibu likija, mnampigia. Mkitoza mia tano kwa huduma hiyo sitalalamika, nitawatangaza bure.

Yule kijana wa kwetu, kwa taarifa yenu, ameshalinunua daftari. Jina la kwanza aliloandika ni la binamu yangu.

Na lile shirika tuliliandikia siku ile ile ya Jumatatu, pale pale kaunta, safari hii kwa Gmail yake mwenyewe na kwa simu yangu. Hatukuomba huruma. Alieleza kwamba mwaliko aliuona amechelewa, akaomba radhi, akauliza kama kuna nafasi ya kusailiwa. Wakajibu kesho yake saa nne asubuhi, mistari miwili: nafasi imeshajazwa, wanamshukuru, anwani yake mpya wameihifadhi. Ni "hapana", lakini ni hapana ya kwanza kupata kwa maandishi tangu 2022, na alinisomea kwenye simu mara mbili.

Ile kampuni nyingine bado haijajibu. Leo ni siku ya kumi na moja. Jogoo yupo bandani Ikungi, anawika.